Bunduki mupya inapokosa nyama: kosa ni la nani?

Tukizungumuza juu ya mila za uwindaji katika Katanga, mara nyingi tunaanza na upinde, mukuki na mutego. Bunduki tunaiweka kando, tunasema ni kitu cha kigeni, haiingie katika mila. Sisi hatukubali vile. Watu wa Musumba, wa Bunkeya na wa Dilolo wamepiga bunduki tangu wakati wa babu za babu zetu, na kitu chenye kukaa ndani ya nyumba zaidi ya miaka 100 kinakuwa na mila yake, miko yake na matata yake. Kati ya hayo matata, moja njo tunataka kuangalia hapa. Muwindaji amepata bunduki mupya. Ameilipa bei kali. Ameingia nayo katika pori, amelenga vizuri, na nyama imekimbia. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anarudi kijijini mikono mitupu. Sasa kosa ni la nani?

Majibu ya kijiji tunayajua sisi wote. Wengine watasema wazee waliokufa wamekasirika. Wengine watataja jirani mwenye roho mubaya. Na mara nyingi kupita yote, vidole vitaelekea kwa bibi ya muwindaji: kama bunduki imekosa, ni juu yeye alilala na mwanaume mwingine wakati bwana alikuwa porini. Wanamuke walipigwa kwa ajili ya hiyo, walirudishwa kwao, mahari ilidaiwa. Sisi tunafikiri kwamba mbele ya kutafuta mukosaji ndani ya nyumba, inafaa kufuata njia ya bunduki yenyewe, tangu mahali ilitengenezwa mpaka katika mikono ya babu zetu. Njiani tutakuta mukosaji ambaye hakuna mutu alimuita mbele ya wazee.

Tuanze na jambo moja la kushangaza kidogo. Kila mutu aliyesoma historia ya Lunda anamujua Kibinda Ilunga, yule mutoto wa mufalme wa Baluba, muwindaji, aliyefika kwa malkia Lueji na kumuoa. Katika masimulizi yeye ni mutu wa upinde. Katika wakati ule bunduki haikukuwa bado imefika bara. Lakini Wachokwe, walipochonga sanamu zake za muti katika karne ya 19, sanamu ambazo leo ziko katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, baadhi yake walizishikisha bunduki ya gumegume mukononi. Wataalamu wamoja wanaita ile kosa la wakati. Sisi tunaona ni ushuhuda. Fundi aliyechonga alitaka kuonyesha muwindaji mukubwa, na katika siku zake muwindaji mukubwa ni mwenye bunduki. Tena sanamu nyingi za namna hiyo zinabeba pembe ya dawa. Fundi alijua kwamba vyombo hivyo viwili vinaenda pamoja.

Hizo bunduki zilitoka wapi? Njia mbili. Ya mashariki ilitoka pwani ya Zanzibar na Tabora, njo iliyotuletea hata majina: bunduki, baruti, fataki, gumegume, ni maneno ya wafanyabiashara wa pwani. Ya mangaribi ilitoka Benguela, ikapita Bié, katika mikono ya Waovimbundu. Kwa Katanga, hiyo ya mangaribi ilikuwa na nguvu sana. Msiri, mufalme wa Bayeke, aliyetoka kwa Wasumbwa upande wa Tanzania ya leo, alijenga Bunkeya kwa pembe za tembo, shaba na, tuseme ukweli, watumwa; na kitu kikubwa alichotafuta kwa Waovimbundu kilikuwa bunduki na baruti. Wachokwe nao walitoa pembe, nta na mupira, wakapata bunduki, na kwa hizo bunduki wakaingia mpaka Musumba katika miaka ya 1880.

Bunduki iliyouzwa Bié ilikuwa na jina: lazarina. Mureno Serpa Pinto, aliyevuka Afrika kati ya 1877 na 1879, alieleza asili ya hilo jina. Katika muji wa Braga, Ureno, kulikuwa fundi mumoja wa bunduki mwenye sifa, Lazaro Lazarino. Kazi yake ilikuwa safi. Kiisha viwanda vya Ubelgiji vikaanza kutengeneza bunduki ndefu za bei ya chini kwa soko la Afrika, zenye kuiga zile za Braga, na vikaandika jina la yule Mureno juu ya chuma. Muwindaji wa Bié alinunua jina, hakununua kazi ya fundi. Wasomaji wetu wanaojua soko za siku hizi, na redio na simu zenye jina kubwa na moyo mudogo, hawatapata shida kuelewa.

Sasa tueleze ginsi ile bunduki ilikuwa inafanya kazi, juu bila hiyo hatutaelewa sababu ya kukosa. Ni bunduki ya kushindilia. Unamwanga baruti katika mdomo wa mututu, ile bomba ndefu ya chuma. Unatia gamba la muti ao kitambaa, unashindilia na fimbo. Unatia risasi, unashindilia tena. Gumegume inapiga cheche, baruti kidogo ya inje inawaka, moto unaingia ndani kwa tundu. Kati ya kuvuta na mulio wa bunduki kuko muda kidogo. Nyama imesikia, na mukono umetikisika.

Lakini shida kubwa iko ndani ya mututu. Ni laini kama bomba ya maji. Risasi ya mviringo inapaswa kuwa ndogo kidogo kuliko tundu, kama sivyo haishuke, zaidi nyuma ya kupiga mara kazaa wakati masizi yamejaa. Basi baruti ikiwaka, risasi inaenda ikigonga-gonga kuta: huku, kule, huku. Mahali itagonga mara ya mwisho, karibu na mdomo, njo patatoa mwelekeo wake. Muwindaji hana uwezo juu ya hilo hata kidogo. Anaweza kulenga kama malaika. Tena, risasi ya madini ya risasi ilikuwa bei, kwa hiyo wafua chuma wa kwetu walifua masasi ya chuma, mepesi zaidi na yasiyo na mviringo wa kweli. Kwa hatua 20 yanaua. Kwa hatua 100 hata mufungaji wa bunduki Ulaya, na bunduki nzuri kuliko lazarina, hakuweza kuahidi kitu.

Na kuko jambo lingine ambalo wasafiri Wazungu walicheka katika vitabu vyao: kwamba mwafrika anapiga bunduki kutoka kiunoni, ao anageuza uso pembeni wakati wa kuvuta. Walicheka bure. Mututu wa bei ya chini, wenye baruti nyingi, unaweza kupasuka. Mutu anayejua kwamba chuma chake kinaweza kumutoa jicho, anageuza uso: ni akili. Lakini mutu aliyegeuza uso halenge tena. Vile bunduki mubaya inazaa mukono mubaya, na nyuma ya miaka mingi ni vigumu kutenganisha makosa ya chuma na makosa ya mutu.

Katika Ulaya dawa ya kosa la mututu laini ilijulikana zamani sana. Unachora ndani ya mututu mifereji yenye kuzunguka kama parafujo. Risasi inabanwa ndani yake, inatoka ikizunguka, na kitu chenye kuzunguka kinashika njia yake, sawa pia ya watoto. Shida ilikuwa kushindilia: risasi yenye kubana inachukua muda kuingia. Mufaransa Minié alipotoa mwaka 1849 risasi yenye kuingia kwa urahisi na kupanuka wakati wa moto, majeshi yote yakabadilisha silaha kwa miaka michache. Ni kusema katika wakati Msiri alikuwa anapanua ufalme wake, kosa la bunduki lilikuwa limekwisha kupata dawa. Mbona dawa haikufika kwetu?

Kwa sehemu ni juu ya bei. Lakini kuko sehemu nyingine iliyoandikwa kwa wino. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia sahihi katika Brussels Mapatano Makubwa ya kupiganisha biashara ya watumwa. Kifungu cha 8 kinakataza kuingiza bunduki, na zaidi sana zile zenye mifereji na za namna ya kisasa, katika eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Kile walichoacha mulango wazi kwa kukiuza, kwa ruhusa, ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida iliyoitwa baruti ya biashara. Sisi hatukatae kwamba bunduki zilikuwa zinateketeza vijiji na kuchukua watu utumwani. Mutu wa Katanga hawezi kusahau hiyo. Lakini tusome vizuri. Sheria haikusema mwafrika asipate bunduki. Ilisema apate ile yenye kukosa. Waaskari wa Force Publique walibeba Albini ya milimita 11, yenye mifereji. Hata Msiri hakuona mwisho wa hayo mambo: alipigwa risasi na Kapiteni Bodson tarehe 20 Desemba 1891, wakati Stairs na watu wake walifika Bunkeya na silaha za kisasa, na yeye mwenyewe alikuwa anakosa baruti kwa sababu ya uasi wa Basanga.

Njo hapa tunarudia kwa wawindaji wetu. Walifanya nini na chuma chenye kukosa kwa amri? Wazee wa pande za Kasaji na Mutshatsha, tuliokaa nao mara nyingi wakati wa likizo, wanajibu bila kuchelewa: miguu. Kama bunduki haiende mbali, wewe ukaribie. Waliwinda zaidi wakati wa kiangazi, majani yamechomwa, baruti kavu. Walifuata upepo, walitambaa, walisubiri katika muti karibu na maji ya chumvi, na hawakuvuta mbele ya kuhesabu hatua 15 ao 20. Baruti waliipima kwa vidole: fimbo ya kushindilia inapobaki inje ya mdomo, unahesabu upana wa vidole, hivi kwa swala, hivi kwa nyati. Muzee mumoja alituambia kijana mwenye bunduki mupya hakuruhusiwa kwenda nayo kuwinda. Kwanza alipiga muti, mara kazaa, mpaka ajue bunduki yake "inavuta" upande gani. Hiyo ni somo la majaribio. Tunalifundisha katika darasa tukifikiri limetoka Ulaya.

Nyuma ya miguu na vidole, zilikuja dawa. Mutaalamu Victor Turner, aliyeishi kati ya 1950 na 1954 na Wandembu wa Mwinilunga, ndugu zetu Walunda waliovuka upande wa Zambia, aliandika kwamba wao walitofautisha vyama viwili: wubinda, wa zamani, wa upinde na mitego, na wuyang'a, wa bunduki, uliokuja na bunduki zenyewe kutoka mangaribi. Chombo kipya kilidai chama kipya. Muwindaji aliyekosa-kosa alifanyiwa ibada, alioshwa kwa dawa ya majani, walisimamisha chishinga, ile muti wa panda uliomenywa gamba. Na sababu ya hasira ya wazee wafu, waliyoipata katika kuulizauliza, mara nyingi ilikuwa nyama: muwindaji aliuficha, ama aliugawanya vibaya, wakwe na wajomba wakanung'unika. Mutu anaweza kucheka. Sisi tunaona kwamba ibada ile ililazimisha mwenye bunduki, mutu mwenye nguvu katika kijiji, kukaa chini na kusikiliza malalamiko ya wale wasio na bunduki. Chuma hakikupona, lakini nyama iligawanywa.

Kwa upande wa bibi, hatuwezi kusema vizuri namna ile. Miko ya bibi ya muwindaji iko katika makabila mengi ya kwetu, na ni ya zamani kuliko bunduki. Bwana akiwa porini, bibi anatunza moto, hagombane, hapokee mwanaume. Tunaelewa: kwa muwindaji wa tembo, anayekwenda wiki nyingi na kurudi maiti ao tajiri, mwiko ule uliunga nyumba na pori. Lakini tuangalie hesabu. Upinde wa hatua 20 ukiwa katika mikono ya mutu aliyezoea tangu utoto, haukose mara nyingi bila sababu inayoonekana. Bunduki yenye mututu laini inakosa bila sababu yoyote inayoonekana, leo ndiyo, kesho hapana, mutu ni mumoja, baruti ni ile ile. Kwa hiyo siku za kuuliza "nani?" zikawa nyingi. Mwiko ulikuwa mumoja, lakini mashitaka yaliongezeka na chuma. Kile kiwanda cha Ulaya kilihifadhi katika bei, na kile wakubwa wa Brussels waliandika katika kifungu, kililipwa na mugongo wa mwanamuke wa Dilolo ao wa Sandoa ambaye hajawahi kushika bunduki.

Wakati wa mukoloni mambo yalibadilika kidogo tu. Gumegume iliacha nafasi kwa fataki, lakini mwanakijiji aliyepewa ruhusa alipata kwa kawaida bunduki ya kushindilia, mututu laini. Nyuma ya uhuru, kalibre 12 zilienea. Hizo zinatupa punje nyingi, zinasamehe mulengaji kwa karibu, kwa mbali hazisamehe. Na katika vijiji kuko pupu, bunduki ya fundi wa kwetu: mututu ni bomba ya maji ao ya usukani wa gari, unga wa vichwa vya kiberiti unasaidia kuwasha, risasi ni kipande cha chuma cha kujengea. Hakuna fereji ndani ya pupu. Umasikini umefanya kazi ile ile ya kifungu cha 8, bila sahihi ya mutu.

Sasa, bunduki ya kweli ya mifereji, mupya, yenye darubini, ikikosa? Inakosa pia, na hapa ujuzi wa wazee bado unatumika. Rafiki yetu mumoja wa Kolwezi, mwenye ruhusa zote zinazotakiwa na sheria ya silaha ya 1985 na ya uwindaji ya 1982, alinunua moja. Swala tatu zilimukimbia. Kaka yake mukubwa akamwambia neno ambalo wasomaji wamekwisha kukisia: "Uliza kwanza mama watoto." Mwenzetu mwingine, mwalimu wa fizikia, alisema tuulize kwanza karatoni. Tulisimamisha karatoni yenye alama mbele ya kichuguu kikubwa, metre 100, bunduki ikalala juu ya mufuko wa muchanga, bila haraka, kungoja chuma kipoe kati ya risasi na risasi. Masasi tano yalitawanyika kama kuku waliofukuzwa, upana wa sahani kubwa na zaidi.

Hapo inafaa kujua kutenganisha magonjwa mawili. Masasi yakikusanyika pamoja lakini mbali na alama, bunduki ni nzima, ni jicho lake tu linaangalia pembeni. Unazungusha vis za darubini. Yakitawanyika, kuzungusha vis ni kazi ya bure: kuko kitu kimelegea, ao masasi ya namna ile hayapatane na mututu, ao muti wa kitako unasukuma chuma, ao mupigaji anaogopa mulio. Hiyo ya mwisho unaipima kwa ujanja: unaweka ganda tupu bila yeye kujua, akivuta na mdomo wa bunduki ukaruka chini, umepata mugonjwa. Rafiki yetu hakuruka. Vis zinazofunga darubini juu ya chuma, hizo njo zilikuwa zinacheza. Mafuta ya kiwanda yalikuwa bado chini yake. Tulipangusa, tukakaza. Masasi tano mengine yaliingia katika nafasi ya kiganja, centimetre 15 juu ya alama. Kila mulio wa vis ya darubini yake ni centimetre 1 kwa metre 100. Alizungusha mara 15. Tulibadilisha kitu kimoja kimoja, si viwili kwa mara moja, kama sivyo mutu hawezi kujua ni nini kilichoponyesha.

Kaka mukubwa alikuwa pale. Hakuomba radhi kwa shemeji yake, na sisi hatukungojea hiyo. Lakini alitaka kujua kama pupu ya baba yao, ile iliyosababisha mama yao mudogo arudishwe kwao Sandoa na watoto wawili, ingeweza kupimwa namna ile juu ya karatoni. Tulimujibu kwamba ndiyo, na kwamba ingetawanya masasi kila mara, hata mama akikaa karibu na moto miaka 10 bila kuinuka.

Tunaomba wasomaji wa kitabu hiki wenye nyanya na mama wakubwa bado hai katika Dilolo, Sandoa, Kapanga, Kasaji na kwingine, wawaulize kitu ambacho watafiti waliuliza kwa wanaume tu: siku bunduki ilikosa, nani aliitwa? Alijibu nini? Na ile bunduki ilikuwa ya namna gani, gumegume, fataki, kalibre 12 ao pupu? Majibu yaandikwe na jina la kijiji na mwaka, hata mwaka wa kukadiria, na yaletwe kwa kamati ya chama mbele ya kitabu kinachofuata.